Uzi wa Bluu kwenye Pindo

Tarehe 9 Februari

Kimya, mke mwenzangu,

Wewe mtoto huoni haya? Tangu tumzike dada yako hujakanyaga hapa. Mvua zimekuja, zimekwenda, zimekuja tena, na wewe hata kivuli chako hatujakiona. Au nyumba yangu inanuka? Kama na wewe umekufa nijulishe nianze kulia, machozi ninayo ya akiba. Kinyozi, anayeniandikia barua hii, ananiambia neno hilo ni kali, tulilainishe. Nimemwambia kalamu ni yake, ulimi ni wangu, aandike ninavyosema. Anaandika huku akisubiri wateja, kwa hiyo ukikuta nywele ndani ya bahasha usishtuke, siyo uchawi.

Sisi wazima. Mjomba wako amenunua viatu vinavyombana mpaka anatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Muuzaji alimwambia ana mguu wa mtu mwenye cheo, basi akasahau kupima. Nikimuuliza, vinabana? Anajibu, "Hapana Mama, vimenikaa." Mama yako mkubwa bado anakwenda kupimwa presha, na kila akienda anavaa gauni lake la harusini na hereni juu. Nikamuuliza, mwanangu, unakwenda kupimwa au kuposwa? Akanijibu kwamba daktari anamsikiliza aliyevaa, asiyevaa anaambiwa akanywe maji apumzike.

Sasa sikiliza. Sanduku la nguo za dada yako Kelele bado liko chini ya kitanda changu. Watu wanataka zigawanywe. Nimewaambia hakuna atakayegusa hata kitambaa cha kichwa mpaka pacha wake aje achague. Tangu utoto ulikuwa unavaa kinachobaki baada ya mwenzio kuchagua. Safari hii utaanza wewe.

Na jingine. Binti wa jirani amepita huko kwenu, anasema alikuona siku ya mapumziko, sokoni, umevaa sare ya dukani. Siku ya mapumziko! Wewe uliyelia na kugaragara chini nilipokuvalisha sare na dada yako, ukasema hutaki kufanana na mtu, leo unavaa sare na watu usiowajua? Nieleze. Na uniambie nikushonee gauni la rangi gani.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Machi

Bibi, shikamoo.

Na kwako Kinyozi, asante kwa kumsomea Bibi, na ukifika pale anapotaka kukukatiza, mwache akukatize.

Mimi mzima. Mwambie Mjomba aweke karatasi mbichi ndani ya viatu usiku, vitaachia kidogo. Mama Mkubwa yuko sahihi. Hapa dukani naona kila siku. Mtu anaingia na nguo yake ya kila siku, anasimama mbele ya kioo, anavaa koti ambalo hatalinunua, na mabega yake yanapanda. Akilivua, yanashuka tena. Bosi anasema watu hawaji kununua nguo, wanakuja kumtafuta mtu wanayetaka kuwa.

Kazi yangu sasa ni kuvalisha masanamu ya dirishani. Nayavua, nayavalisha, nayafunga vifungo. Hayana vichwa. Nimeyazoea.

Kuhusu sare, Bibi, nitajaribu kueleza, ingawa sijui kama utanielewa. Asubuhi nikifungua kabati nguo zinaniuliza, wewe nani? Sare haiulizi. Ni ya kijivu, ina jina la duka kifuani, na aliyeivaa ni mfanyakazi, basi. Unajua mimi sikuwahi kupenda bluu iliyokoza. Niliichagua kwa sababu Kelele alichukua njano. Akivaa maua, mimi navaa pasipo maua. Akifunga kitambaa juu, mimi nakishusha. Watu wakasema Kimya ana namna yake ya kuvaa. Namna gani? Nilikuwa navaa kinyume. Sasa nivae kinyume cha nani?

Kazi ni nyingi, ndiyo maana siji. Nguo za Kelele zigawe tu. Mimi sihitaji kitu.

Kama unataka kunishonea, shona hiyo hiyo bluu iliyokoza, kwa kuwa umeizoea. Tafadhali usishone njano.

Mjukuu wako,
Kimya

*

Tarehe 20 Machi

Mke mwenzangu,

Viatu vimewekewa karatasi mbichi. Asubuhi vikawa vimepanuka, lakini vimepauka pia, sasa Mjomba wako anavibeba kwapani na kutembea na ndala, ili watu wajue kwamba anavyo. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kinyozi naye anacheka, mteja wake anamwambia aweke wembe chini kwanza.

Kazi ni nyingi, unasema. Kazi zilikuwepo hata mimi nilipowalea ninyi, mama yenu yuko kaburini na babu yenu hana pumzi, na bado nilikuwa nakwenda kumwona mama yangu. Hilo la kazi mpelekee asiyekujua.

Gauni lako hili hapa. Nimelishona mwenyewe, kwa mkono wa kuzoea. Cherehani siku hizi ina kisirani, sindano inanichoma kama inanidai. Lakini limekwisha, mfuko upo kulia unavyopenda, na pindo nimelishona kwa uzi wa bluu kama kawaida yako. Nilikuwa nawakatia kitambaa kimoja, magauni mawili, hata mimi sijui lipi la nani. Ndiyo nikaanza mambo ya uzi, mwekundu kwa Kelele, bluu kwako, ndani ya pindo ambako wageni hawaoni. Mkawa mnafunua mapindo mbele za watu kuonyeshana, nikawachapa nyote wawili.

Unaniuliza uvae kinyume cha nani. Kimya, mimi sikusoma, hayo ya kabati kuuliza maswali siyajui. Kabati langu halijawahi kuniuliza kitu. Ila najua mtu akifiwa mwili wake unakuwa mgeni kwake, na mgeni hatumwachi asimame uchi tukimuuliza jina. Tunamvisha kwanza.

Livae. Kisha uje nikuone.

Bibi yako

*

Tarehe 28 Aprili

Bibi, shikamoo.

Habari za hapo? Mama Mkubwa presha imeshuka? Hapa mvua ni nyingi na maji yaliingia stoo, tukapoteza maboksi kadhaa ya mashati.

Gauni lilifika. Nashukuru kwa mkono wako. Nililivaa mbele ya kioo cha dukani kabla hatujafungua. Bibi, mkono mmoja ni wa bluu na mwingine ni mweusi. Mfuko umeshonwa ndani, mtu hawezi kutia hata kidole. Bosi alipita nyuma yangu akauliza, "Hiyo ndiyo fasheni ya kwenu?" Nikasema ndiyo. Sikutaka akucheke.

Wiki ile ile aliniambia nipange dirisha jipya. Masanamu mawili, gauni moja, rangi moja, viatu sawa. Akasema wateja wanapenda mapacha. Nikayavalisha. Nikafunga vifungo vyote, nikatoka nje barabarani kutazama kama yamekaa sawa, kama tunavyofanya siku zote. Yalikuwa yamekaa sawa. Nikarudi ndani, nikalibeba moja, nikalipeleka stoo, nikalilaza sakafuni na kulifunika kwa shuka. Bosi akanikuta nimepiga magoti. Akaniuliza, "Wewe, unamfunika nani?" Nikamwambia kuna baridi.

Amenipa siku za kupumzika. Nimezitumia kulala.

Bibi, nilitaka kunyamaza lakini nimeshindwa. Ulinishonea nusu nguo na nusu msiba? Hii ni mara ya pili unakosea gauni langu. Ya kwanza unaijua. Sitasema zaidi.

Kimya

*

Tarehe 11 Mei

Kimya,

Wazima. Presha imeshuka, gauni la harusini limechanika kwapani, tumeshona.

Kuhusu mkono wa gauni, muuza vitambaa alinipunja, alichanganya. Nitamfuata nimpe yake. Mkono ni mkono, unaingia au hauingii?

Kuhusu lile sanamu, ulifanya vizuri kulifunika. Huyo bosi wako asikuulize swali kama hilo tena, na akiuliza mwambie Bibi yangu anakuja.

Sasa hilo la mara ya pili. Kinyozi amelisoma, nikamwambia rudia, akarudia. Mara ya kwanza ipi? Mimi nimekushonea tangu ulipokuwa unatosha kwenye beseni. Ulivaa ukaenda shule, ulivaa ukaenda kazini, hukuwahi kurudi ukisema Bibi umekosea. Ukisema sitasema zaidi unanifanya nikae hapa kama mtu aliyetemewa mate gizani, hajui afute wapi. Sema. Mimi si sanamu, nina kichwa.

Bibi

*

Tarehe 30 Mei

Bibi, shikamoo.

Kinyozi, tafadhali msomee akiwa ameketi. Na mfunge mlango.

Siku ya mazishi nilifika watu wameshakusanyika. Basi liliharibika njiani, unakumbuka. Nilipita katikati ya watu mpaka kwenye jeneza, kabla hawajalifunga. Pindo la gauni lake lilikuwa limekunjika. Niliinama kulinyoosha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, kunyoosha pindo. Nikaona uzi. Ulikuwa wa bluu.

Lilikuwa gauni langu, Bibi. Lile nililoliacha kwenye msumari nyuma ya mlango nilipokuja huku kuanza kazi. Kelele alikuwa na sanduku zima. Njano, nyekundu, la maua, lile la mikono mipana. Ukaacha yote hayo ukachukua langu.

Nikapiga ukelele. Sikumbuki vizuri, watu ndio walioniambia. Wewe ukageuka, ukaninyooshea mikono, ukaita, "Kelele! Kelele wangu!" Ukanikumbatia. Ukaendelea kuniita hivyo, na mimi niko kifuani kwako.

Ndipo nikaelewa. Kwa Bibi, aliyelala pale ni Kimya. Umenivalisha, umenilaza, umeniaga, na aliyebaki hai ni yule uliyemtaka. Sikulaumu. Kila mtu alimpenda Kelele zaidi, hata mimi. Lakini nilirudi huku siku ile ile, na tangu hapo kila nikitazama kioo simjui aliye ndani. Nikivaa njano, nitakuwa yeye. Nikivaa bluu, nitakuwa maiti. Ndiyo maana navaa sare.

Na nikija huko, utanitazama, utamwona yeye. Sura ni moja. Sitaki kuiona furaha yako itakavyozimika ukigundua ni mimi.

Umeniambia niseme. Nimesema.

Kimya

*

Tarehe 3 Agosti

Kimya, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nimechelewa kujibu. Kinyozi alikuja na karatasi mara nyingi, nikamfukuza. Mara ya mwisho nilimrushia ndala. Leo nimemwita mwenyewe. Amefunga duka, ameweka na kibao mlangoni. Mjomba wako na Mama Mkubwa wazima, wanakusalimu, hayo yametosha.

Nilikuwa nimeapa nisikwambie. Lakini umenisukuma ukutani, na nikinyamaza nitakuwa nimezika wawili.

Ulipoondoka kwenda kazini, Kelele alikaa siku chache kama kawaida yake, anaimba, anagombana na kila mtu. Kisha asubuhi moja akatoka chumbani amevaa lile gauni lako la nyuma ya mlango. Nikamwambia, la mwenzio hilo, liache, atalikuta. Akasema, "Bibi, nalitunzia joto tu." Hakulivua. Analifua jioni, analianika, asubuhi analivaa. Njano yote ikabaki sandukuni. Akawa anatembea polepole, anafunga kitambaa chini kama wewe. Watu wanamwita kutoka barabarani, "Kimya, umerudi?" Anawajibu, "Nimerudi." Kisha anaingia ndani anakaa.

Akawa ananiuliza kila siku utakuja lini. Nikamwambia ana kazi, mwache. Alipougua nilitaka kukuita mapema, akakataa, akasema usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya homa. Tulidhani ni homa tu. Siku alipojua kuwa si homa tu, alinishika hapa mkononi akaniambia, "Bibi, univalishe la Kimya. Sijawahi kulala peke yangu."

Ndilo nililomvalisha. Sikukosea. Nililipata kwa kupapasa, kwa sababu kiunoni kulia lilikuwa limelika, pale Kelele alipozoea kufutia mikono. Wewe hufuti mikono kwenye nguo. Nikajua ni lenyewe.

Kwa nini sikukwambia? Ningekwambia nini? Kwamba alikungoja mpaka akavaa nguo zako ili akuone? Ungeubeba mzigo huo mpaka uzeeni. Nikasema bora uninunie mimi, kununa kutapita. Sikujua kumbe ulikuwa unajizika huko uliko.

Sote tumesema Kelele alikuwa na chake na wewe ulivaa kinachobaki. Kimya, Kelele naye hakuwa na chake. Alivaa njano ili wewe uwe na kivuli cha kukaa. Ulipoondoka, njano yenyewe ikamshinda kuvaa.

Sasa hilo la kukuita jina la mwenzio.

Muuza vitambaa hakunipunja. Nilimsingizia, ukimwona msamehe. Mimi sioni. Macho yangu yalianza kuingia ukungu hata kabla Kelele hajaugua. Yeye ndiye aliyekuwa ananitilia uzi kwenye sindano, ananiambia huu mwekundu, huu bluu, na alinificha nisijulikane. Alipokufa, nilizika macho pia. Daktari aliyaangalia akasema nimechelewa. Nikamwuliza, nimechelewa wapi, nilikuwa na safari? Lile gauni lako nilishona na giza langu, sikumwambia mtu, nikimsikia Kinyozi anakuja nalificha. Nilikuwa najivuna kwamba nimeweza. Bluu na nyeusi kwangu ni kitambaa tu.

Siku ile ya mazishi nilikuwa naona vivuli vya watu. Nikasikia ukelele. Kimya, nimekulea tangu siku ya kwanza. Ulipozaliwa hukulia, mkunga akakupiga makofi, ukamtazama tu, mwenzio akalia kwa ajili yenu wawili. Ndiyo majina yenu. Ulipoungua na uji hukupiga kelele. Mama yenu alipokufa ulilia chini ya kitanda, nikakujua kwa kuloa kwa mkeka. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia sauti yako ikilia. Nikasikia mtu analia vile, mdomo wangu ukaita jina la yule ninayejua hulia vile. Nikadhani nimeota, kwamba tumekosea, kwamba amefufuka. Nikakukumbatia nikamtafuta. Nikasikia mgongo wako unavyojikaza kwenye mikono yangu, nikajua ni wewe. Niliendelea kuita kwa sababu ilikuwa mara yangu ya mwisho kumwita. Sikujua kwamba unahesabu.

Nisamehe kwa hilo moja tu. Hayo mengine sijakosa.

Unaogopa nitakutazama nimwone mwenzio. Sitamwona. Wala wewe sitakuona. Sura yako na yake zote zimeniondokea, mwanangu, kilichobaki ni sauti na mikono. Furaha yangu huwezi kuiona ikizimika, taa yenyewe imeshazimwa kwa upande wa macho. Ukitaka kulia kwa sauti, njoo ulie. Sasa nimeshaijua sauti hiyo kuwa ni yako, sitakosea tena.

Sanduku bado limefungwa. Nguo zake hatutazigawa, hatutazivaa. Tutalifungua mimi na wewe, utanishikisha moja moja, utaniambia ipi ni ipi, tulie, tukichoka tule.

Sikiliza jinsi utakavyokuja. Hiyo sare iache huko huko kwenye msumari. Nenda dukani kwenu kama mteja, simama mbele ya kioo mpaka mabega yapande, uchukue kitambaa cha rangi ambayo wala si yake wala si kinyume chake. Kishonwe huko, lakini pindo waambie waliache wazi. Ukifika usipige hodi. Fungua mlango kimya kimya ulivyozoea, mtu mwingine yeyote anaugonga ukutani, nitajua nani kaingia. Njoo mpaka kwenye kiti changu, uweke pindo mkononi mwangu. Utatia uzi kwenye sindano, uchague uzi wewe mwenyewe, mimi nitashona. Na wakati nashona, niambie umevaa rangi gani. Usiseme jina la rangi tu. Nieleze taratibu, mpaka niione.

Bibi yako